Uwezeshaji Karakanani: Uhakiki wa Dhana ya Stadi za Juu za Uwezeshaji kwa Wakufunzi wa Ufundi Stadi Nchini Tanzania

Neno "mwezeshaji" limezoeleka mno katika semina, warsha na mafunzo kazini nchini Tanzania, kiasi kwamba ni nadra kuulizwa maana yake. Yeyote anayesimama mbele ya washiriki kwa siku tatu huitwa mwezeshaji, hata kama muda wote huo amesoma maandishi yaliyomo kwenye slaidi. Katika ufundi stadi neno hilo limepata uzito zaidi kutokana na mfumo wa mafunzo unaozingatia umahiri, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Mfumo huo unamtaka mkufunzi aache kuwa msemaji mkuu, badala yake amwongoze mwanachuo hadi afikie kiwango cha utendaji kinachopimika. Makala haya yanahakiki namna dhana ya uwezeshaji wa hali ya juu inavyofasiriwa kwa wakufunzi hao. Hoja inayojengwa ni kwamba dhana hiyo imechukuliwa kutoka ukumbi wa semina na kupelekwa karakanani bila kubadilishwa umbo, na kwamba hasara yake humwangukia mwanachuo anayeondoka na cheti mkononi ilhali mkono wenyewe haujawa wa fundi.

Tatizo linaanzia katika neno lenyewe. Kuwezesha ni kumfanya mtu aweze. Katika uwanja wa uchumi maana hiyo haijapotea: Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya mwaka 2004 inazungumzia mwananchi ambaye, baada ya kupata mtaji, ardhi au ujuzi, anaweza kufanya jambo ambalo awali hakuliweza. Matokeo ndiyo kipimo. Katika uwanja wa mafunzo, kinyume chake, matokeo yameachwa nyuma na kilichobaki ni namna ya kuendesha kikao: kupanga viti nusu duara, kugawa kadi, kuunda makundi, kuandika kwenye bango kitita na kumwita mwakilishi wa kila kundi awasilishe. Mbinu hizi zina manufaa yake, lakini hakuna hata moja inayomfanya mtu aweze kuchomelea chuma. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kiswahili kilikuwa na msamiati wa kazi hii kabla ya semina kuja. Fundisha, fundi na funda ni maneno yanayohusiana, na kungwi anayemfunda mwali hahesabiwi kuwa amemfunda kwa sababu ya kusema naye tu. Anahesabiwa hivyo pale mwali anapotenda mbele yake na kurekebishwa.

Ni nani basi anayetarajiwa kuwa mwezeshaji wa hali ya juu? Wakufunzi wa ufundi stadi hutoka katika njia zaidi ya moja. Wapo waliosoma vyuo vya ufundi kisha wakajiunga na ualimu, na wapo mafundi waliofanya kazi miaka mingi, wakapata vyeti vya majaribio ya ufundi vya daraja la tatu, la pili na la kwanza vilivyotumika zamani, kisha wakapitia Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro. Kundi la kwanza hujua kueleza kuliko kutenda. Kundi la pili hutenda kwa ustadi lakini maneno huwapungukia. Mafunzo ya uwezeshaji kwa kawaida huyaweka makundi haya mawili chumba kimoja na kuyapa dawa moja. Hapa ndipo fasiri iliyopo inapoonyesha udhaifu mkubwa zaidi, hasa kwa fundi hodari.

Michael Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu maarifa fiche, alionyesha kwamba binadamu hujua mengi kuliko anavyoweza kusema. Karakana ni ushahidi wa kila siku wa jambo hilo. Fundi mwashi hutambua mchanganyiko wa saruji uliokubali kwa namna unavyoteleza juu ya mwiko na sauti unayoitoa mwiko unapoukata. Akiulizwa amejuaje, hujibu kwamba ukizoea utaona tu. Mchomeleaji husikia mlio wa cheche ukibadilika na mara hiyohiyo husogeza mkono, bila kufahamu kwamba amesogeza. Seremala huacha kupiga randa kabla ya kufika mstari kwa sababu ameona nyuzi za ubao zinageuka. Mwanachuo aliyesimama pembeni haoni lolote kati ya hayo. Anaona mkono unapita. Stadi ya juu ya uwezeshaji, ikiwa neno hilo lina maana yoyote katika mazingira haya, ni uwezo wa mkufunzi kuusimamisha mkono wake mwenyewe, kuutazama, na kusema kwa sauti kile ambacho mkono ulikuwa unakijua peke yake. Ni kazi ngumu, na haifundishwi kwa kadi za rangi.

Allan Collins, John Seely Brown na Susan Newman, katika sura yao ya mwaka 1989, waliliweka wazi suala hili walipopendekeza uanagenzi wa kiakili. Walitaja mbinu sita: kuonyesha, kusimamia kwa karibu, kuegemeza kisha kuondoa egemeo, kumtaka mwanafunzi aeleze anachofikiri, kumfanya ajitathmini, na kumwachia agundue. Pendekezo hilo linanukuliwa sana katika maandiko ya ualimu wa ufundi. Kinachosahaulika ni kwamba sura hiyo haikuandikwa kwa ajili ya karakana. Mifano yake ni ya kusoma, kuandika na hisabati. Waandishi hao walikwenda kwa mafundi kutafuta kielelezo cha kuboresha darasa. Sasa kielelezo hicho kinarudishwa karakanani kikiwa kimekwisha kuvaa sare ya shule, na mkufunzi wa useremala anafundishwa uanagenzi kwa mifano ya insha.

Ingefaa zaidi kurudi kwa mafundi wenyewe. Jean Lave, ambaye kazi yake inatajwa na watatu hao, alichunguza katika miaka ya 1970 wanagenzi wa ushonaji wa jamii za Vai na Gola nchini Liberia. Aligundua kwamba mwanagenzi hakuanza na kupima wala kukata. Alianza na kazi za kumalizia nguo, kama vile kushona vifungo na kupiga pindo. Baadaye alishona vipande pamoja. Kukata kitambaa kulikuja mwisho. Mpangilio huu ni kinyume cha utaratibu wa kutengeneza nguo, na una mantiki mbili. Kwanza, kosa la pindo hufumuliwa, lakini kosa la mkasi humaliza kitambaa. Pili, anayeanza na nguo inayokaribia kukamilika huiona nguo nzima, hivyo anapofika kwenye kukata anajua kila kipande kinakwenda wapi. Mitaala ya ushonaji, na ya fani nyingine nyingi, mara nyingi hufuata utaratibu wa uzalishaji: vifaa, vipimo, kukata, kuunga, kumalizia. Mkufunzi mwenye stadi za juu anapaswa angalau kuwa na haki ya kuuliza kama utaratibu wa kutengeneza kitu ndio pia utaratibu wa kujifunza kukitengeneza. Mafunzo ya uwezeshaji hayampi swali hilo, kwa kuwa yanachukulia mada kuwa zimekwisha kupangwa na kazi yake ni kuzichangamsha.

Hata hivyo, si sahihi kuupamba uanagenzi wa mtaani. Katika gereji nyingi kijana hufagia, huosha vyombo vya mafuta na hutumwa chai kwa miezi kabla ya kushika spana, na wapo mafundi wanaoficha hatua moja ya mwisho ili mwanagenzi asije akafungua gereji ng'ambo ya barabara. Chuo kina sababu ya kuwapo.

Upande wa pili wa fasiri iliyopo ni imani kwamba kadiri mkufunzi anavyozungumza kidogo ndivyo anavyowezesha zaidi. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliipinga imani hiyo mwaka 2006 kwa hoja kwamba anayeanza hana maarifa ya kutosha ya kuongoza ugunduzi wake mwenyewe, na akili yake huelemewa. Karakanani hoja hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu ugunduzi mwingine hugharimu kidole. Hakuna ushirikishwaji unaofaa katika kumwachia mwanachuo wa wiki ya kwanza agundue jinsi diski ya grinda inavyopasuka, au aone mwenyewe kama waya una umeme. Charles Allen, katika kitabu chake cha mwaka 1919 kuhusu mkufunzi wa kazi, alipendekeza hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha, kumpa atende, na kumpima. Leo hatua hizo hudharauliwa kuwa za kizamani. Dharau hiyo haina msingi. Hatua nne za Allen hazipingani na uwezeshaji. Zinaonyesha mahali pake. Uwezeshaji huanza katika hatua ya tatu, mkono wa mwanachuo unapoanza kwenda, na mkufunzi anapolazimika kuamua katika nukta chache kama aingilie, aulize au anyamaze. Anayeuliza mapema humvuruga mtu ambaye bado anatafuta mizani ya kifaa. Anayechelewa hukuta ubao umekwisha kukatwa vibaya.

Suala la makundi linahitaji maneno machache. Vyuo vingi havina mashine za kutosha, na kundi kubwa huzunguka mashine moja. Katika hali hiyo mmoja hutenda na waliobaki hutazama, na anayetenda huwa yule mwenye kifua. Katika fani zenye wasichana wachache, msichana hupewa daftari aandike ripoti ya kundi, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Kwa fasiri ya semina, kundi hilo limeshiriki kikamilifu na ripoti imewasilishwa.

Lugha nayo imeachwa pembeni. Mitaala na nyaraka za upimaji mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi hufanyika kwa Kiswahili cha karakana, chenye timazi na jiliwa upande mmoja na spana na grinda upande wa pili. Mkufunzi anakuwa mfasiri asiyekuwa na kamusi. Athari hii huonekana waziwazi katika urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi mtaani. Mtu aliyejenga nyumba kwa miaka 20 anapoketi mbele ya mpimaji na kutakiwa aeleze kanuni ya kuweka kona mraba, anaweza kukosa jibu, ingawa kila asubuhi huipima kona kwa kamba yenye mafundo ya tatu, nne na tano. Mpimaji asiye na stadi ya kuuliza huweka alama ya kukosa. Mwenye stadi hiyo humpa kamba na kumwomba aonyeshe, kisha humuuliza kwa nini fundo la tano limewekwa pale, na kama kamba ikilowa atafanyaje. Kati ya maswali hayo mawili kuna tofauti ya cheti, na kwa fundi huyo cheti ndicho kinachomruhusu kuomba kazi kwa mkandarasi anayedai karatasi.

Wakufunzi wenyewe wanapopimwa, kinachotafutwa kwa urahisi zaidi ni mpango wa somo, idadi ya makundi na maswali yaliyoulizwa. Kiungo kilichochomelewa na mwanachuo asubuhi ileile hubaki juu ya meza. Hakuna anayekigonga nyundo kuona kama kitaachia.