Vitu vya Kale Visemeshwe

Msomaji, wako watu wadhanio kwamba jumba la makumbusho ni ghala la vitu vichakavu. Wamekosea, lakini kosa si lao peke yao, maana mara nyingi namna vitu hivyo vilivyopangwa ndiyo iliyowafunza kudhani hivyo. Tukikisoma kitabu huuliza kama kimesema kweli, tena kama kimeisema kwa ukamilifu. Maonyesho ya vitu vya kale nayo yastahili kuulizwa maswali hayo mawili.

Chukua mfano wa mrija wa Wateso. Wateso wa Malaba, Amagoro na Amukura wana desturi ya kunywa pombe yao, iitwayo ajon, wakiwa wamekizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija huo ukitundikwa ukutani peke yake, na chini yake pakaandikwa "Mrija wa pombe, Wateso", maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa miguu. Sisifu ulevi, nasema tu kwamba mrija bila chungu, na chungu bila duara la majirani, havionyeshi kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu pamoja, hata waliokuwa na ugomvi. Mtazamaji asipolijua hilo, ameona ufito tu.

Hali kadhalika adeudeu, kinubi cha Wateso. Kinubi hutengenezwa kwa ajili ya sikio, nasi twakiweka mbele ya jicho tu. Hapa yafaa kuwasifu wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la Kitante, Kampala, mwaka 1954, lilipata sifa kwa kuwa na wapigaji waliovipiga vyombo vya muziki mbele ya wageni. Huo ni uhakiki mzuri kuliko wangu, kwa kuwa ulionyesha kwa vitendo jinsi chombo kinavyostahili kuheshimiwa.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Mwaka 1902 Waingereza waliitoa sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta huku na huku. Wasamia walikuwa wahunzi mashuhuri. Majembe yao yalilima, yakauzwa, tena yakatolewa mahari. Basi kadi ikiandikwa "Jembe la Wasamia, Kenya", imeifuata ramani, lakini imemwacha mhunzi ambaye alifua chuma bila kujua habari ya ramani hiyo. Wewe ukaaye Busia, ambaye huenda una shangazi upande wa pili, una haki ya kudai kadi iliyo kamili zaidi.

Pengine mtu atajibu kwamba kadi ni fupi, wala haiwezi kubeba historia nzima. Nakubali. Lakini maneno machache yaweza kuchaguliwa vizuri au vibaya. Ushahidi wa hayo u karibu nasi, Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk. Pale pana mwamba wenye picha za kale, nao umetangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Wataalamu hudhani kwamba picha za kwanza zilichorwa na wawindaji, na za ng'ombe zikachorwa na wafugaji waliokuja baadaye. Yaani mwamba mmoja umewapokea watu mbalimbali. Kadi ya kabila moja itatosha wapi hapo?

Tena wachimbaji wa mambo ya kale walipochunguza udongo wa mahali hapo hapo, walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata mbegu ya kunde ya yapata miaka 2,300, na wimbi wa miaka isiyopungua 1,000. Punje hiyo ni ndogo kuliko ukucha, wala haina urembo wowote. Lakini ukiambiwa kwamba ni jamaa ya kunde unazochuma shambani kwenu, na kwamba mikono iliipanda katika nchi hii zamani hizo, je, hutasimama mbele yake kwa adabu? Ndivyo kadi njema ifanyavyo: humwunganisha mtazamaji na kitu.

Basi, mwanafunzi, uingiapo katika jumba la makumbusho usiulize tu, "Hiki ni nini?" Uliza kilitumiwa na nani, pamoja na nani, na kwa nini kikaachwa. Ufikapo Kakapel usiandike jina lako juu ya mwamba. Waliotutangulia hawakuandika yao, na bado twawasoma. Kisha urudi nyumbani umwulize bibi yako jina la kila chombo kilichomo jikoni mwake, na kazi yake, nawe uyaandike daftarini. Kadi nyingi za kesho hazina budi kuandikwa na vijana wa Busia na Malaba wenyewe, nao hawataweza kuziandika ikiwa leo hawakuuliza.