P0340: Sensa Ipimwe Ikiwa ya Moto

Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, injini ya petroli ya lita 1.5, la kubebea mizigo ya duka. Asubuhi ukipiga starta linawaka papo hapo. Mchana, baada ya safari ndefu, ukilizima kidogo tu halikubali tena: starta inazunguka, injini haishiki. Likipoa linawaka kana kwamba halikuwahi kuumwa. Mwenye gari alikwisha kubadilishiwa plagi na pampu ya mafuta. Alipofika kwa fundi umeme ninayemzungumzia hapa, alikuwa ameambiwa atafute kontrol boksi, kwa kuwa sensa ya kamshafti ilipimwa ikaonekana nzima.

Kipimo hicho hakikuwa cha uongo. Kilifanywa tu wakati injini imepoa.

Krenkshafti huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko 1 wa kamshafti. Kwa hiyo sensa ya krenki inaweza kuijulisha kontrol boksi kwamba pistoni ya silinda ya kwanza imefika juu, lakini haiwezi kusema imefika juu ikigandamiza hewa na petroli au ikisukuma moshi nje. Sensa ya kamshafti ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili. Kwenye injini nyingi za Toyota za familia za NZ na ZZ, ambazo barabara zetu zimejaa, gurudumu la krenki lina meno 34 na pengo la meno 2, na la kamshafti lina meno 3 tu. Kontrol boksi hulinganisha ishara za magurudumu hayo ndipo ijue zamu ya kila silinda. Sensa ya kamshafti ikifa gari likiwa mwendoni, injini nyingi huendelea kuunguruma kwa kutegemea krenki, japo nguvu hupungua. Kazi huwa kuiwasha tena.

Fundi alichomeka mashine ya kusoma kodi, ikatoa P0340. Hapa wengi wanaomiliki mashine hizi wanapotea, na wateja wao hulipia. P0340 haikuamuru ubadilishe sensa. Inasema saketi ya sensa ya kamshafti haileti ishara, na saketi ni sensa, soketi, nyaya na kontrol boksi yenyewe. P0341 ni tofauti: ishara inafika ila haieleweki. P0016 ni jambo jingine kabisa, maana inasema krenki na kamshafti hazikubaliani. Hapo kagua kwanza cheni ya taimingi na mfumo wa VVT.

Kabla ya kushika mita, hesabu nyaya. Sensa ya nyaya 2 kwa kawaida ni ya sumaku na koili. Inazalisha umeme wake yenyewe, kwa hiyo koili yake hupimwa kwa ohm. Ya nyaya 3 mara nyingi ni ya aina ya Hall. Inalishwa volti 5 au 12 kutegemea gari, na ishara yake hupanda na kushuka injini inapozunguka. Kuipima hiyo kwa ohm hakukupi jibu la maana, na bado sensa nyingi huhukumiwa namna hiyo gereji.

Ya gari hili ilikuwa ya nyaya 2. Ikiwa baridi, mita ilisoma ohm elfu moja na ushee, ndani ya mipaka ya kitabu cha gari. Fundi akachomoa betri, akapima kila waya kuanzia soketi ya sensa hadi soketi ya kontrol boksi: chini ya ohm 1, na hakuna uliogusa bodi. Akautikisatikisa mkanda wa nyaya kote unakopita, namba haikuyumba. Soketi ilikuwa kavu, haina mafuta ya kutoka tapeti kava. Mwenye haraka angeishia hapo na kuilaumu kontrol boksi. Yeye alirudisha kila kitu, akaliendesha gari mpaka likachemka vizuri, akalizima, akapiga starta. Likagoma. Palepale akachomoa soketi na kupima: mita ikaandika OL, yaani njia imekatika. Injini ilipopoa, ohm zikarudi.

Waya wa koili hiyo ni mwembamba kama unywele, nao umefunikwa na plastiki. Ukishapata ufa, joto huitanua plastiki na ncha huachana. Baridi huzikutanisha tena. Ukinzani kupanda kiasi kwa joto ni kawaida ya shaba, ndiyo maana vitabu vya gari hutoa mipaka ya baridi na ya moto kando kando. Kukatika si kawaida.

Kubadilisha hakukuwa na makuu: bolti 1 ya spana namba 10. Sensa ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye aluminiamu, akaizungusha kushoto na kulia bila kuichokonoa kwa bisibisi, maana ikivunjika kipande hubaki ndani. Akaipaka O-ringi mpya mafuta ya injini, akaanza bolti kwa vidole ili asiue nyuzi, akaikaza kwa kiasi. Akafuta kodi, akaendesha tena hadi joto lilelile, akalizima. Liliwaka mara moja, na kodi haikurudi.

Mwenye gari alikuwa ametaka sensa ya mtumba ili aokoe pesa. Fundi alikataa, nami naona alikuwa sahihi. Sensa iliyotolewa kwenye injini nyingine imeshakaa kwenye joto miaka mingi, na ukiipima juu ya kaunta ya duka la Kariakoo au Kirinyaga Road, unaipima ikiwa baridi. Nunua mpya yenye namba ya spea inayolingana na gari lako. Na ukiambiwa kwamba sensa ni nzima, muulize fundi aliipima injini ikiwa ya moto au imepoa kabla hujatoa hela ya kontrol boksi.