Sifa za Mota Isiyo na Giya

Madishi ya televisheni ya Kashai, mjini Bukoba, hayana haja ya kugeuka. Satelaiti zake haziondoki mahali pake juu ya ikweta, na kwa kuwa Bukoba iko jirani na mstari huo, mengine hutazama karibu utosini. Fundi akishakaza nati, kazi imekwisha. Dishi la kupokea mawimbi ya nyota halina raha hiyo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, nalo sharti liifuate nyota bila kusita.

Kwa miaka mingi madishi makubwa yamegeuzwa kwa giya: mota huzunguka haraka, meno hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Tatizo ni pleyi. Mtazame aliyepakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli yenye mnyororo uliolegea: kanyagio huenda bure kidogo kabla gurudumu halijaitika. Kwenye dishi, mwanya mdogo kuliko huo unatosha kupoteza shabaha. Ndiyo maana wahandisi huweka mota mbili zinazovutana, meno yasiachiane.

Wapo waliothubutu kuyaondoa meno yenyewe. Huko Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, darubini ya ALMA ina madishi 66. Yale 25 yaliyotoka Ulaya, kila moja lenye upana wa mita 12, husukumwa moja kwa moja: sumaku upande mmoja, koili upande wa pili, katikati hewa tupu. Umeme ukipita, dishi lenyewe linasogea. Hakuna jino la kulika, na kosa la kulenga halitakiwi kuzidi sehemu ya 1,800 ya digrii moja.

Lakini giya ilisaidia pia kuuzuia upepo. Ikiondolewa, kila dharuba huifikia mota. Basi kipimo cha pembe husomwa mara nyingi kila sekunde, kompyuta hulinganisha, koili huongezewa au kupunguziwa umeme. Uimara uliokuwa ndani ya chuma umehamia kwenye hesabu. Hapo ndipo ninapoustahi ufundi huu: kuondoa kifaa ni rahisi, kuibeba kazi yake yote ndiko kugumu.

Mwaka 2017 ALMA iliungana na darubini nyingine kulilenga shimo jeusi la galaksi ya M87, na picha yake ikatolewa tarehe 10 Aprili 2019. Kijana anayesuka mota katika karakana ya Bukoba hayuko mbali na kazi hiyo. Waya wa shaba ni uleule, kanuni ya sumaku ni ileile. Kinachodaiwa zaidi ni uangalifu, nao hujengwa mzunguko kwa mzunguko.