Radhi ya Mja na Radhi ya Mungu: Usomaji wa Utendi wa Mwana Kupona

Katika mazishi ya Waislamu wa Rasbura, mjini Lindi, kama kwingineko pwani, msemaji wa familia huwaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu, na anayemdai huelekezwa kwa warithi. Msingi wa ombi hilo ni imani kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba inayoelekezwa kwa Mungu peke yake. Anayedai, hata awe mchuuzi wa samaki, sharti aridhike.

Fikra za Kiyahudi zinalo wazo la jinsi hiyo. Mishna, katika kitabu cha Yoma, inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho haiondoi kosa alilotendewa mtu mpaka mkosaji amridhishe. Emmanuel Levinas alilifafanua fundisho hilo katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1968: anayemtafuta Mungu hana budi kupita kwanza kwa mwenzake.

Utendi wa Mwana Kupona (1858) mara nyingi hujadiliwa kama wosia wa utii wa mwanamke. Hata hivyo, hoja yake kuu ni ya kiimani. Binti anatajiwa radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Siku ya ufufuo mume ataulizwa, na atakalo ndilo mke atakalotendewa. Mshairi anasimulia pia jinsi mumewe alivyomkariria radhi alipofikwa na mauti. Hapa, kama kwa Levinas, hukumu ya Mungu inangoja neno la mwanadamu.

Tofauti imo katika chanzo cha neno hilo. Kwa Levinas, aliyekosewa analo kwa sababu ameumizwa. Katika utendi, mume analo kwa sababu ni mume. Ombi la mazishini liko karibu zaidi na Levinas, kwani linageuza mwelekeo: marehemu, awe mume au bwana mkubwa, ndiye anayeombewa radhi kwa walio hai. Lakini kwa desturi wanawake hawaendi makaburini, na ombi husikiwa na wanaume. Hivyo linabaki swali ambalo utendi hauliulizi na ombi la mazishini halilijibu: radhi ya mjane aliyeketi ndani ataiomba nani?