"Weka popote": ushauri nusunusu wa vijitabu vya sabufa

Vijitabu vingi vya sabufa vinakwambia iweke popote sebuleni, eti bezi haina mwelekeo. Hilo la mwelekeo ni kweli: chini ya hezi 80 hivi, sikio hushindwa kujua sauti inatoka upande gani. Ila "popote" haitokani na hilo, kwa sababu chumba nacho kina usemi wake. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi. Sebule ya mita 4.3 ni nusu yake, kwa hiyo wimbi likigonga ukuta na kurudi, bezi inavimba kwenye kuta na kufa katikati. Sofa lako likiwa hapo katikati, utaongeza sauti mpaka jirani agonge mlango, na bado hezi 40 huzisikii. Vijitabu vinasifia wati tu. Wati hazizibi shimo hilo; ukiongeza wimbi, na linalorudi linaongezeka vilevile.

Jaribu hivi: weka sabufa kwenye sofa unapokaa, piga wimbo wenye bezi nzito, halafu tambaa kando ya kuta ukisikiliza. (Watoto watacheka.) Pale bezi inaposikika safi bila kuvuma ndo mahali pake. Mara nyingi siyo kona. Kisha kaa, mtu akubadilishie swichi ya fezi, 0 au 180, mbaki na ile inayojaza zaidi.