Jina, Mkono na Shimo la Dubu: Ukuaji wa Jaime Lannister katika Msimu wa Tatu wa Game of Thrones

Utangulizi

Game of Thrones, tamthilia ya kifantasia iliyoonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2011 hadi 2019, ina wahusika wengi ambao ukuaji wao umejadiliwa kwa kina. Miongoni mwao, Jaime Lannister ndiye anayetolewa mara nyingi kama mfano wa mhusika aliyebadilika. Maelezo yaliyozoeleka ni mafupi: Jaime alikuwa mwovu, katika msimu wa tatu akakatwa mkono, akateseka, akaongoka, kisha katika msimu wa nane waandishi wakamrudisha alikotoka, na kwa kufanya hivyo wakaisaliti kazi yao wenyewe.

Makala haya yanadai kwamba nusu ya kwanza ya maelezo hayo haisimami mbele ya matini, na kwamba kwa sababu hiyo nusu ya pili imeelekezwa mahali pasipo. Katika usawiri wa Jaime mna mambo mawili ambayo uhakiki umeyachanganya: kufichuka kwa mhusika na kukua kwa mhusika. Kufichuka hubadilisha ujuzi wa hadhira. Kukua hubadilisha mwenendo wa mhusika mwenyewe. Msimu wa tatu una yote mawili, na ubora wake umo katika jinsi unavyoyapanga.

Msimu huo una vipindi 10, vilivyoonyeshwa kati ya tarehe 31 Machi na 9 Juni 2013. Watayarishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss, waliuegemeza hasa kwenye nusu ya kwanza ya A Storm of Swords (2000), riwaya ya tatu katika mfululizo wa George R. R. Martin. Jaime aliigizwa na Nikolaj Coster-Waldau, naye Brienne wa Tarth akaigizwa na Gwendoline Christie.

Kigezo cha Kinadharia

Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu mgawanyo wa E. M. Forster, alioutoa mwaka 1927, kati ya wahusika bapa na wahusika duara. Kwa Forster, mhusika duara hutambulikana kwa uwezo wake wa kumshangaza msomaji bila kupoteza uaminifu. Kigezo hiki ni cha manufaa, lakini hakisemi mshangao huo unatoka wapi. Huenda mhusika ametenda jambo ambalo jana asingalilitenda. Huenda pia hakubadilika hata kidogo, ila msomaji alikuwa amefichwa jambo. Hali ya kwanza ni ukuaji na ya pili ni ufichuzi. Mhakiki akizichanganya, atamsifu mhusika kwa wema alioutenda zamani kana kwamba ameupata leo.

Jina kama Hukumu

Katika nadharia ya Kiswahili ya usawiri wa wahusika, mbinu ya majazi humpa mhusika jina linalobeba tabia yake. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu hugeuzwa manyani. Miili yao hugeuka, lakini majina yao yamekwisha kutuambia wao ni nani. Hapo majazi ni ahadi ya mwandishi kwa msomaji, na ahadi hiyo hutimizwa.

Katika Game of Thrones majazi yanatumiwa kwa namna iliyo kinyume. Jaime ana jina la kuzaliwa, lakini karibu kila anayekutana naye humwita Mwuaji wa Mfalme, kwa kuwa alimuua Mfalme Aerys ilhali alikuwa ameapa kumlinda. Jina hili halikutolewa na msimulizi anayejua yote. Limetolewa na jamii, nayo jamii hiyo haikuona kilichotokea. Hadhira nayo hulipokea bila kuuliza, kwa kuwa matendo ya mhusika yanaliunga mkono. Katika kipindi cha kwanza kabisa Jaime anamsukuma mtoto Bran Stark kutoka dirishani ili kuficha uhusiano wake wa kimapenzi na dada yake pacha, Cersei. Katika msimu wa pili anamuua binamu yake Alton ili apate mwanya wa kutoroka kifungoni. Kufikia mwanzo wa msimu wa tatu, jina na mtu vinaonekana kuwa kitu kimoja.

Mkono: Mpangilio wa Matukio

Wengi huuanzisha ukuaji wa Jaime pale anapokatwa mkono mwishoni mwa kipindi cha tatu. Mpangilio wa matukio haukubaliani nao. Jaime na Brienne wamekwisha kutekwa na Locke, mtumishi wa Roose Bolton. Usiku, watu wa Locke wanamburura Brienne ili wambake. Ni Jaime anayeingilia kati kwa uongo: anamwambia Locke kwamba kisiwa cha Tarth kina utajiri wa yakuti samawi, na kwamba baba yake Brienne atalipa fidia kubwa ikiwa binti yake atarudishwa bila kuguswa. Brienne anaokoka. Ndipo Jaime, kwa kiburi cha ushindi huo, anaanza kujitetea mwenyewe kwa dhahabu na jina la baba yake, na Locke anamjibu kwa kisu.

Basi tendo jema limetangulia adhabu. Mtu aliyemwokoa Brienne alikuwa bado na mkono wake wa kulia, kiburi chake na ulimi wake mkali. Kukatwa mkono hakuwezi kuwa chanzo cha wema uliokwisha kutendwa. Tunachoonyeshwa ni kitu kimoja kikitumika kwa njia mbili: maneno ya Jaime yanafaa yanapotumika kwa ajili ya mwingine, na yanamponza yanapotumika kwa ajili yake mwenyewe.

Dai kwamba mateso humtakasa mtu linavunjwa pia na mhusika sambamba. Katika msimu huohuo Theon Greyjoy anateswa na Ramsay, mwana haramu wa Roose Bolton. Wahusika hawa wawili wanaumizwa na mikono ya ukoo mmoja. Wote wawili wanapoteza kiungo cha mwili. Na kila mmoja kiungo hicho ndicho alichokitegemea katika kujijua. Lakini matokeo yanatofautiana. Theon anavunjwa hadi, katika kipindi cha kumi, anaitikia jina la dharau alilopewa na mtesi wake. Jaime anatoka akidai jina lake. Kama maumivu yangekuwa mwalimu, Theon naye angalifunzwa. Kwa kuwaweka wawili hawa bega kwa bega, msimu huu unakataa kuwa hadithi ya toba inayotokana na mateso, hata kama watazamaji wengi wameuona hivyo.

Hamamu ya Harrenhal: Kufichuka

Kipindi cha tano kina onyesho linalotajwa zaidi katika safari hii. Jaime na Brienne wamo katika hamamu ya ngome ya Harrenhal. Kwa homa na uchovu, Jaime anasimulia kilichotokea siku aliyomuua Aerys. Mfalme alikuwa ameficha moto wa kijani chini ya mji mzima, chini ya nyumba za ibada na mitaa ya maskini vilevile. Jeshi la Tywin, babake Jaime, lilipoingia, mfalme alimwamuru Jaime amletee kichwa cha babake, na akaamuru mji uteketezwe pamoja na watu wake. Jaime alimuua kwanza aliyepewa kazi ya kuuwasha moto, kisha akamuua mfalme. Ned Stark alipomkuta, alimhukumu kabla ya kuuliza.

Onyesho hili ni kilele cha msimu, lakini ni kilele cha aina gani? Tendo linalosimuliwa lilitendwa miaka mingi kabla ya hadithi kuanza. Jaime aliyemsukuma Bran ndiye huyohuyo aliyekwisha kuuokoa mji. Kwa hiyo katika hamamu anayebadilika kwanza ni mtazamaji, ambaye analazimika kujiuliza ni kwa nini alimhukumu mtu kwa jina alilopewa na wasioona. Na ufichuzi huu haumtakasi Jaime. Unamfanya awe mgumu zaidi kueleweka, maana sasa inajulikana kuwa mtu mmoja aliweza kuokoa maelfu na pia kumtupa mtoto mmoja.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba hapa hamna ukuaji wowote. Mwenye kupinga anaweza kusema kuwa kusimulia nako ni kutenda, naye atakuwa na hoja. Kwa miaka yote hiyo Jaime alinyamaza na kuyavaa matusi kama vazi. Sasa anajieleza, tena mbele ya mwanamke anayemdharau na anayeamini viapo kuliko kitu chochote. Anapozirai na Brienne kuita msaada kwa kutaja Mwuaji wa Mfalme, anamsahihisha kwa kulitaja jina lake. Ukuaji, basi, umo katika kule kusema. Yanayosemwa ni ya zamani. Ujasiri wa kuyasema ndio mpya.

Televisheni imelazimika kutegemea usemi huu kuliko riwaya. Katika A Storm of Swords, Martin anampa Jaime, kwa mara ya kwanza katika mfululizo, sura zinazosimuliwa kwa mtazamo wake. Msomaji yumo akilini mwake tangu mwanzo wa safari, na maungamo ya hamamuni yanamkuta akiwa amekwisha kuzoea sauti yake. Mtazamaji hana nafasi hiyo. Anamwona Jaime kwa nje tu, kama jamii inavyomwona, na kwa hiyo anashiriki kosa la jamii hadi dakika ile. Kilichoonekana kuwa upungufu wa chombo kimegeuzwa kuwa nguvu yake.

Shimo la Dubu: Kukua

Ukuaji wenyewe, kwa maana ya kutenda lisilotendwa jana, unapatikana katika kipindi cha saba, kilichoandikwa na Martin mwenyewe na kuongozwa na Michelle MacLaren. Jaime amekwisha kuachiliwa na yuko njiani kurudi kwao. Brienne ameachwa Harrenhal. Njiani, Qyburn anamweleza kwamba baba yake Brienne alitoa fidia ya vipande 300 vya dhahabu, lakini Locke alikataa kwa kuwa anaamini kuna yakuti samawi tele. Uongo uliomwokoa Brienne ndio sasa unaomwangamiza. Katika riwaya Jaime huota ndoto kabla ya kugeuka. Televisheni imeiacha ndoto hiyo, na kinachobaki ni mtu kukabiliwa na matokeo ya maneno yake. Anageuza farasi.

Anamkuta Brienne shimoni na dubu, mkononi ana upanga wa mti. Jaime anajirusha ndani bila silaha na bila mkono wa kulia. Si ushujaa wa upanga tena. Hata hivyo tendo lenyewe lina hesabu ndani yake, kwa kuwa walinzi waliopewa amri ya kumfikisha kwao akiwa hai hawana budi kumsaidia, na wanafanya hivyo. Jina la Lannister, ambalo katika kipindi cha tatu alilitumia kujiokoa likamgharimu mkono, hapa analitumia kama ngao ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo hatua aliyopiga. Ni fupi, haimfuti Bran, wala haimtoi katika mapenzi yake kwa Cersei: kipindi cha kumi kinamfikisha chumbani kwake akiwa na kigutu, na hapo ndipo msimu unapomwacha.

Msimu wa Nane na Deni la Moto

Kwa msingi huu, lawama dhidi ya mwisho wa Jaime mwaka 2019 zapaswa kupangwa upya. Kumrudia Cersei na kufa naye hakukiuki msimu wa tatu, kwa kuwa msimu huo haukuahidi kwamba angemwacha. Anayelalamika hapa analalamikia toba ambayo matini haikumpa.

Kosa liko kwingine. Katika kipindi cha tano cha msimu wa nane, Jaime anamwambia Tyrion kwamba hakuwahi kuwajali sana watu wa mji. Kauli hii inagongana na hamamu ya Harrenhal, maana ni kwa ajili ya watu hao alibeba jina la Mwuaji wa Mfalme. Mtu anaweza kujidanganya kwa uchungu, na tamthilia ingaliweza kuifanya kauli hiyo kuwa kinaya. Lakini katika kipindi hichohicho Daenerys, binti wa Aerys, anauteketeza mji uleule, na hata moto wa kijani uliofichwa na babake unalipuka mitaani. Jaime anapita katikati ya moto alioua mfalme ili kuuzuia, na hakuna neno wala tazamo linaloonyesha kwamba yeye, au waandishi wake, wanakumbuka.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba msimu wa tatu haumwongoi Jaime Lannister. Unamfichua, kisha unampa nafasi moja ya kutenda kulingana na kilichofichuliwa, naye anaitumia. Kwa mhakiki, funzo ni kuuliza kila mara: ni nani aliyebadilika, mhusika au mtazamaji? Mwishoni mwa tamthilia ni Brienne anayeshika kalamu na kuikamilisha kumbukumbu ya Jaime katika kitabu cha walinzi wa mfalme. Anamalizia kwa kuandika kwamba alikufa akimlinda malkia wake. Ni maneno ya huruma, yenye ukweli ndani yake, na yanachukua nafasi ya majazi ya zamani. Lakini Brienne ndiye aliyesikia habari ya moto katika hamamu, na msomaji wa kitabu hicho ataondoka akimjua Jaime kwa malkia aliyekufa naye, si kwa mji aliouokoa.