Jambazi Asiongezewe Bastola

Vijana wenzangu tunaoandika, tuna ugonjwa mmoja. Tukiona jambazi wa hadithi yetu amepwaya, tunampa bastola. Akipwaya tena, tunamwongezea gari la kifahari na walinzi wa miraba minne. Mwisho anakuwa kama sanamu la shambani: kubwa, lakini hata kunguru halimwogopi.

Ugonjwa huohuo nimeukuta kwenye Scotland Yard, mchezo wa ubao uliotoka Ujerumani mwaka 1983 na kutwaa tuzo ya Spiel des Jahres mwaka huohuo. Ubao wake ni ramani ya London yenye vituo 199. Mchezaji mmoja ni Mister X, anayekimbia kwa siri. Wengine ni wapelelezi wanaomsaka kwa teksi, basi na treni ya chini ya ardhi. Washikaji waliokwisha kuuzoea wanalalamika kwamba Mister X anadakwa kirahisi mno. Dawa yao? Aongezewe tiketi za kwenda hatua mbili kwa mpigo.

Mimi nakataa. Tiketi hizo zitampa mbio, basi. Hazitamfanya atishe. Hebu tazama utisho wake unatoka wapi. Kwanza, haonekani: anafichua kituo chake mara chache tu, kuanzia hatua ya 3, kisha ya 8, ya 13 na ya 18. Pili, na hapa wabunifu walitumia akili kweli, tiketi aliyotumia mpelelezi haitupwi, anapewa Mister X. Yaani kila hatua ya msakaji inamlisha msakwa! Na wapelelezi wote wakiishiwa njia, jambazi kashinda.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tufute kule kujifichua kwa hatua ya 8. Kutoka ya 3 hadi ya 13 wapelelezi wabahatishe. Watabishana, watapapatika, watateketeza tiketi, na zote zitaangukia mikononi mwake. Sisi hatukumwongezea kitu. Papara yao ndiyo iliyomnenepesha. Wala si uonevu, maana bado wanaona kila mara amepanda usafiri gani, isipokuwa akitoa tiketi nyeusi. Kituo kimefichwa, nyayo zimebaki.

Mtu atasema mgeni wa mchezo atakata tamaa. Kweli kabisa, mgeni aanze na sheria za kawaida. Hii ni dawa ya waliokwisha kushiba.

Sasa tufungue madaftari yetu. Ukurasa wa kwanza tu tumeshataja jina la jambazi, kitambi chake na nyumba anayolala, halafu tunashangaa msomaji anapiga miayo! Mfiche, bwana. Mwachie msomaji nyayo. Na shujaa wako akihonga askari au akimdanganya mama yake ili afike mbele, adui na achume hapohapo.

Hebu jaribu leo: itoe bastola kwenye hadithi uliyonayo, uone jambazi wako anabaki na nini.